Nilimfukuza Wifi kwa Ajili ya Vifaranga vya Bata

Sehemu ya Tano

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilipoachia. Kuku wangu mwekundu alikuwa ameatamia mayai ya bata siku thelathini na tano, akatotoa vifaranga kumi na mmoja. Wiki mbili baadaye sita walikuwa wamekufa, mmoja mmoja, bila kidonda. Na asubuhi ile, nikiwa nyuma ya pazia la jikoni, nilimwona wifi yangu Nasra ameinama mbele ya banda, anamimina kitu kwenye beseni la maji.

Kwa anayefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Zuhra, naishi Ujiji, katika nyumba aliyoiacha baba mkwe wangu alipofariki. Mume wangu Abdulmajid ni fundi cherehani, anashona kanzu hapo hapo barazani. Nasra ni dada yake wa tumbo moja. Aliachika mwaka jana akarudi kwao, na kwao ndiyo kwangu.

Sikutoka mbio. Nilisubiri anyanyuke.

"Wifi, unafanya nini hapo?"

Akashtuka. Mkono mmoja ulikuwa na kikombe cha bati, mwingine umeshika ncha ya khanga iliyofungwa fundo.

"Nawabadilishia maji," akasema. "Haya ya jana yana harufu."

"Ya jana niliyaweka mimi."

"Najua."

Hilo "najua" lilinichoma kuliko kama angenitukana.

"Na kwenye khanga umefunga nini?"

"Mkaa."

"Mkaa wa nini?"

"Nimeusaga. Bibi yetu alikuwa anawapa bata wakilegea."

Nikaishika ile ncha, nikalifungua fundo. Unga mweusi ukanimwagikia vidoleni, laini kama wanja. Mimi nimezaliwa Ujiji. Habari za unga mweusi nilizisikia kabla sijajua kujifunga khanga.

Niwaambie nilivyokuwa nikiwaza, maana leo sifichi kitu. Katika banda lile bata na kuku walikuwa wanalala pamoja, wanakula pumba na vumbi la dagaa pamoja, wanakunywa beseni moja. Vifaranga wa kuku walihara damu, nikanunua pakiti ya dawa, nikawawekea kwenye maji, wakapona. Waliokuwa wanakufa ni bata peke yao. Ugonjwa haubagui, nikajiambia. Anayebagua ni mtu.

Tena Nasra ndiye aliyesema tangu siku ya kwanza, "Wifi, bata na kuku hawakai banda moja wakafurahi." Alisema kama anayetabiri. Na zile siku mbili alizokwenda kwenye msiba Gungu, walikufa watatu kwa mpigo. Mwingine angesema basi hahusiki, hakuwapo. Mimi nilisema ameondoka makusudi ili asionekane.

Mtu akishakuwa mbaya machoni pako, hata kutokuwapo kwake kunakuwa ushahidi.

Nikamburuta hadi barazani, unga ule ungali mkononi mwangu.

"Baba Musa, dada yako huyu hapa. Muulize alikuwa anawatilia nini bata wangu."

Abdulmajid akauondoa mguu kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza. Aliutazama ule unga, akamtazama dada yake kidogo tu, kisha macho yake yakarudi kwangu.

"Una hakika?"

"Nimemshika mwenyewe."

"Kaka, ni mkaa," Nasra akasema. "Niruhusu nimweleze wifi kuhusu yale maji..."

"Maji yangu niachie," nikamkata.

"Hebu nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza mwaka mzima. Kikulacho ki nguoni mwako. Leo nimekivua."

Nasra akamtazama kaka yake. Alikuwa anangoja neno moja tu kutoka kwake. Halikuja.

Abdulmajid aliniuliza mimi. "Kwa hiyo unataka aondoke?"

Nikababaika. Nilitaka akaripiwe, aombe radhi, ajue kwamba nyumba ile ina mwenyewe. Kuondoka sikuwa nimefika huko.

"Nakuuliza, Mama Musa. Unataka aondoke?"

"Wewe ndiye kaka yake."

"Sema wewe. Isije kesho ikawa mimi ndiye niliyemfukuza dada yangu kwenye nyumba ya baba yetu."

Mara ya tatu aliuliza kwa upole zaidi, karibu ananibembeleza. Nami nikajibu.

"Ndiyo. Aondoke. Aende kwa shangazi yenu Bangwe."

Nasra hakulia. Alifunga begi lake moja, akavaa viatu mlangoni, akanigeukia.

"Wifi, watenganishe. Bata wapeleke kule kwenye migomba, kuku wabaki bandani."

Nilimwona akikata kona ya msikiti, na nikajisikia nimeshinda.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana ndiyo yaliyoniziba macho.

Bata waliacha kufa.

Siku ya kwanza, watano. Siku ya pili, watano. Wiki ikapita, bado watano, wameanza kuota manyoya ya kweli na kumzidi mama yao kuku kwa ukubwa. Asubuhi wakijitosa kwenye beseni, mama yao alikuwa anazunguka pembeni akilia, anadhani wanazama.

Nikatangaza. Bombani nilitangaza, dukani nilitangaza, kwenye maulidi ya jirani nilitangaza. "Mwenye mkono wake kaondoka, bata wamepona." Sikutamka neno mchawi. Sikuwa na haja. Wenzangu walilitamka wenyewe, mimi nikaitikia kwa kunyamaza. Ndani ya siku chache watoto wa mtaani walikuwa wanamwita Nasra kwa jina hilo kana kwamba ndilo alilozaliwa nalo.

Hilo ndilo ninaloliungama leo. Bata ni bata. Lakini jina la mtu nililitoa mimi, kwa ulimi wangu, mchana kweupe.

Kila Ijumaa baada ya sala Abdulmajid alikuwa anapanda bajaji kwenda Bangwe kumwona dada yake. Nilimsifu moyoni. Akirudi, nilimuuliza bila kumtazama.

"Hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia."

"Anasema nini?"

"Anasema yamepita."

Ijumaa ya pili nilimfungia mikate ya mchele ampelekee. Akarudi na kifurushi kitupu, akasema Nasra ameifurahia. Ijumaa ya tatu hivyo hivyo. Moyo wangu ukaanza kulegea kidogo. Nikawa najiambia, ukipita mwezi nitamwita arudi, mradi asikaribie banda.

Kisha ikaja mvua.

Ilinyesha siku nne. Bata wakaona sikukuu. Walikuwa wanatoka kwenye tope wanaingia bandani, wanatibua beseni, wanamwaga maji kwenye maranda hadi sakafu ikawa uji. Kuku wakajikunyata kwenye pembe moja, mabawa yameshuka. Siku ya tano nikaona damu kwenye kinyesi cha vifaranga.

Dawa ya mwanzo ilikuwa imeisha wiki ile ile Nasra alipoondoka, na sikuwa nimenunua nyingine kwa kuwa hapakuwa na mgonjwa. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikachukua pakiti kama ile ile. Maelezo yalisema nusu kijiko kwa ndoo. Nikatia kijiko kizima ili wapone haraka, nikajaza beseni, nikaondoka.

Asubuhi yake bata wawili walikuwa wamelala ubavu, shingo zimelegea kama kamba. Wa tatu alikuwa anakwenda upande kama mlevi.

Nasra alikuwa ameondoka wiki tatu nzima.

Mngedhani hapo nilipata akili. Hapana. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba ameacha kitu. Nikachukua jembe, nikawatoa kuku wote nje, nikaanza kuchimba sakafu ya banda. Nilichimba kwenye pembe, nikachimba chini ya beseni, nikachimba mlangoni. Nilikuwa natafuta fundo, kipande cha kitambaa, pembe, chochote. Nikapata maranda yaliyooza, mfupa wa samaki na kifuniko cha chupa.

Abdulmajid akaja kusimama nyuma yangu, tepu ya kupimia ikiwa shingoni.

"Unatafuta nini?"

"Alichokiacha dada yako."

Nilidhani atanigombeza, au atacheka. Alilitazama shimo, akasema, "Chimba," akarudi kwenye cherehani yake.

Nilikuwa bado nimeshika jembe alipobisha hodi bwana mifugo wa kata, Nehemia. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuchanja kuku dhidi ya kideri, ana kisanduku chake cha barafu. Ni mtu wa Kasulu, mpole, akanisalimu kwa Kiha kama kawaida yake, nami nikaitikia nikiwa nimejaa tope hadi magotini.

Aliangalia shimo. Akaangalia bata wawili waliokufa. Akaokota pakiti ya dawa iliyokuwa juu ya ukuta.

"Mama Musa, nani anakunywa kwenye beseni hili?"

"Wote."

"Dawa umetia kiasi gani?"

"Kijiko."

"Maelezo yanasema nusu, tena kwa kuku." Alichuchumaa, akamshika yule bata aliyekuwa anayumba. "Kuku anadonoa maji. Anachukua tone, anainua kichwa, anameza. Bata hadonoi. Anachota. Akila anakunywa, akimaliza kunywa anarudi tena. Dawa inayomtosha kuku, bata atainywa mara tatu, mara nne. Huyu mdogo hawezi kuihimili."

Nilimsikia, lakini maneno yalikuwa yananifikia kama mtu anayesemea upande wa pili wa ukuta.

"Lakini kuku wanahara damu, bwana Nehemia. Ningewaacha?"

"Wanahara kwa sababu banda limelowa. Ugonjwa ule unapenda unyevu, na anayelowesha banda ni bata. Yaani bata anamletea kuku ugonjwa bila kujua, wewe unamtibu kuku, na dawa ya kuku inamwua bata. Watenganishe tu, yote yataisha."

Watenganishe. Neno lile lile.

"Mara ya kwanza walipokufa wale sita ninaosikia wakisemwa mtaani," akaniuliza, "ulikuwa unawapa dawa hii?"

"Ndiyo."

"Na walipoacha kufa?"

Pakiti ilikuwa imeisha. Nasra aliondoka, pakiti ikaisha, na mimi katika mambo hayo mawili nikachagua nililolipenda.

Nikamuuliza swali ambalo sikutaka jibu lake.

"Mtu akiwahi asubuhi, akayamwaga yale maji, akaweka safi, akawapa na mkaa wa kusaga kidogo?"

Nehemia akafikiri. "Mkaa siwezi kukuandikia kama dawa. Lakini sijaona bata aliyeuawa na mkaa. Na huyo aliyekuwa anamwaga maji, kama yupo, ndiye aliyekubakizia hao watano."

Ndipo nikazikumbuka zile siku mbili za msiba wa Gungu. Nasra hakuwapo kumwaga maji. Wakafa watatu.

Nehemia alichanja kuku wangu, akanionyesha pa kuwajengea bata kando ya migomba, akaenda zake. Niliyamwaga maji yale, nikaosha beseni kwa mchanga, nikakaa juu ya jembe. Nilikuwa nimemfukuza mtu aliyekuwa anarekebisha makosa yangu kila alfajiri bila kunisuta. Alijaribu kuniambia mara mbili. Mara zote mbili nilimkata.

Ilikuwa Alhamisi. Abdulmajid alikuwa ametoka kwenda hapo karibu, Mwanga, kununua vitambaa. Sikutaka kumngoja. Nilitaka kwenda mwenyewe, nimpigie Nasra magoti kabla kaka yake hajapeleka habari. Nikaoga, nikavaa baibui, nikamshika jogoo wangu mkubwa kuliko wote, nikamfunga miguu kwa kitambaa, nikapanda bajaji hadi Bangwe.

Njia nzima nilikuwa najifunza maneno. Wifi, nimekosa. Wifi, nitasimama bombani nilipokutukania, niseme mbele ya wale wale.

Shangazi Ikram alikuwa uani anaanika dagaa kwenye turubai. Ni mtu mzima sana sasa, lakini masikio yake ni mazima.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Na jogoo juu, leo kuna nini?" Akanitengea mkeka. "Na Nasra umemwacha na nani?"

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Nasra?"

"Ndiyo. Mngekuja wote. Tangu arudi kwako hajaleta hata salamu."

Jogoo alijipapatua mapajani mwangu, nikamkaza bila kujua, hadi akalia.

"Shangazi, Nasra yupo hapa. Wiki tatu hizi yupo hapa."

"Hapa alilala siku mbili," akasema taratibu, akiniangalia kama anayetaka kujua kama naumwa. "Siku ya tatu mumeo akaja kumchukua. Alisema umemsamehe, unataka arudi nyumbani. Nasra alifurahi hadi akasahau mtandio wake, ule pale kwenye kamba."

"Abdulmajid alikuja?"

"Alikuja na gari. Si bajaji, gari. Kulikuwa na dereva simjui."

"Na Ijumaa zote hizi, amekuwa akija?"

"Ijumaa zipi? Sijamwona tangu siku hiyo."

Mikate yangu ya mchele. Salamu zangu. Anasema yamepita.

Shangazi akaacha kuanika dagaa. Akaja kukaa karibu yangu, akaushika mkono wangu.

"Zuhra, nami nikuulize, maana jambo hili halikunikaa vizuri. Lile sharti ulilomwekea lilikuwa la lazima?"

"Sharti gani?"

"La karatasi. Kabla hawajaondoka mumeo alitoa karatasi, akamwambia Nasra, Zuhra atakupokea ukitia sahihi hapa. Nasra akanisomea. Kwamba fungu lake katika nyumba ya marehemu baba yao amemwachia kaka yake, kwa hiari yake, kwa kuwa ameleta fitina ndani ya nyumba. Nikamwambia mwanangu subiri kwanza. Akasema hapana shangazi, kama wifi ametaka hivyo, natia. Nimechoka kukaa mbali na kwetu."

"Mimi sikutaka kitu, shangazi. Wallahi sijui karatasi yoyote."

Alinitazama sana. Sijui kama aliniamini. Kwa nini aniamini? Mji mzima ulinisikia nikimsema Nasra. Hata huyu bibi alisikia, huku Bangwe.

"Basi," akasema mwisho, "kama hayupo kwako na hayupo kwangu, mtoto wa marehemu ndugu yangu yuko wapi?"

Nilirudi Ujiji na jogoo wangu kwapani. Sikumbuki njia.

Nilimkuta Abdulmajid ameshatoka Mwanga. Yuko barazani, anashona kola ya kanzu, miwani imeshuka puani. Kila kitu kilikuwa kama kilivyokuwa asubuhi, isipokuwa mimi.

"Kesho Ijumaa," nikasema, nikikaa kizingitini. "Utakwenda Bangwe?"

"Nitakwenda."

"Ijumaa iliyopita hukuniambia vizuri. Nasra ulimkutaje?"

"Hajambo. Amenenepa kidogo." Akaukata uzi kwa meno. "Anakusalimia sana."

Nilitaka kusema. Kisha nikakumbuka alivyosimama nyuma yangu bandani, aliponiambia nichimbe, na nikaona heri ninyamaze.

"Huyo jogoo umetoka naye wapi?"

"Sokoni. Nilitaka kumwuza, nimeghairi."

Akainua macho juu ya miwani. Alimwangalia jogoo, akaliangalia baibui langu, na upindo wake ulikuwa na magamba mawili matatu ya dagaa. Sokoni Ujiji dagaa wapo pia.

"Vizuri umerudi mapema," akasema. Akavuta droo ya cherehani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya kanzu kwa kiganja, kama anayepiga pasi. "Kuna mahali hapa panahitaji sahihi yako."

Chini kabisa niliuona mwandiko wa Nasra. Chini yake palikuwa na neno Shahidi, na mbele ya neno hilo jina langu kamili, Zuhra, na la baba yangu, limeshaandikwa kwa wino wa bluu. Kulikuwa na tarehe pia. Ilikuwa ya siku moja kabla sijamshika Nasra pale bandani.

Abdulmajid akanikabidhi kalamu.